Mvi za Kitabu Si Utakatifu Wake

Ukihudhuria mazishi kisiwani Rusinga, katika Ziwa Victoria, iwe Kamasengre au Waware, huenda ukaisikia hoja hii kabla jeneza halijashushwa kaburini. Mhubiri huinua Biblia juu ili hata walioketi nje ya hema waione, kisha hueleza: kitabu hiki kina maelfu ya miaka, wafalme walikichoma na dola zikakipiga marufuku, wao wakapita, chenyewe kingalipo, kimetafsiriwa kwa lugha nyingi kuliko kitabu kingine chochote duniani, kimejenga shule na hospitali, kimegeuza sheria za mataifa. Kitabu kama hicho kitakosaje kuwa kitakatifu? Watu huitikia amina na mjadala huishia hapo. Hoja hiyo utaikuta pia ndani ya feri ya Luanda K'Otieno kwenda Mbita, redioni alfajiri, na katika vipindi vya dini shuleni. Imezoeleka kiasi kwamba anayeihoji hudhaniwa amekihoji kitabu chenyewe.

Mimi ni muumini, na ninaihoji. Umri haujawahi kukifanya kitabu chochote kuwa kitakatifu, wala ushawishi haujawahi. Anayeitetea Biblia kwa wingi wa miaka yake na ukubwa wa nguvu zake ameisimamisha juu ya msingi ambao yenyewe haikuuomba na ambao hauwezi kuibeba. Isitoshe, pasipo kujua, amewahukumu mababu zetu kwa kosa la kutokuwa na kalamu.

Tuanzie nyumbani. Mwaka 1906, mmisionari Arthur Carscallen na mwenzake Peter Nyambo, Mwafrika kutoka Nyasaland, nchi ambayo leo ni Malawi, walifika Gendia karibu na Kendu Bay na kuanzisha misheni ya Waadventista Wasabato. Kwa mtu wa kusini mwa Ghuba ya Winam wakati ule, Biblia ilikuwa kitabu kigeni kilichoshikwa na wageni. Hakuna aliyesoma shule iliyojengwa nayo, hakuna aliyetibiwa katika hospitali iliyotokana nayo. Vyenye umri na nguvu vilikuwa vingine: matambiko ya mvua, sadaka za ukoo, miiko ya wazee iliyoongoza kuzaliwa, kuoa na kuzika kwa vizazi visivyohesabika.

Miaka michache baadaye, mwaka 1913, Onyango Dunde wa Alego alitangaza kwamba nyoka mkubwa wa ziwani, Mumbo, amemtuma kuwaambia watu waikatae dini ya wazungu. Ujumbe wake ulienea Nyanza Kusini na Gusii hata serikali ya kikoloni ikawakamata na kuwahamisha viongozi wa harakati hiyo. Sasa fikiria vijana waliokuwa wakijifunza kusoma Gendia wangepima mambo kwa kipimo tunachokisikia leo. Ziwa ni la kale, kitabu ni cha jana. Mila zimetawala nchi nzima, kitabu kimetawala darasa moja. Uamuzi ungekuwa mwepesi, na hakuna ambaye angebatizwa. Wao walifanya kinyume: walikiacha cha kale wakashika kipya kwa sababu ya yale waliyoyasikia yakisemwa ndani yake. Leo wajukuu wao wanaitetea imani ile kwa hoja ambayo ingewazuia babu zao kuipokea.

Vuka maji uende kisiwa cha Mfangano, mambo yatazidi kuwa wazi. Katika pango la Mawanga na mwamba wa Kwitone kuna michoro ya kale: duara ndani ya duara, nyekundu na nyeupe, mingine ikitoa miale kama ya jua. Wataalamu huihusisha na wawindaji wa Kitwa walioishi huku kabla ya mababu wa Wasuba na Waluo kufika. Aliyechora alikuwa na jambo la kusema, na alilisema kwenye jiwe. Koo za kisiwani zilizokuja baadaye zilipaheshimu mahali hapo na kupatumia kuomba mvua. Umri upo, tena mkubwa. Ushawishi upo, kwa kuwa watu walipanga misimu yao ya kulima kwa kutegemea yaliyofanyika pale. Lakini muulize mhubiri wetu kama michoro hiyo ni mitakatifu. Wengi watakujibu bila kusita kwamba hayo ni mambo ya mizimu.

Na katika mazishi yale yale, mhubiri yule yule humgeukia mjane na kumsihi asikubali kurithiwa, yaani asikubali tero. Mila hiyo ni ya kale, na nguvu za mila za Kiluo si za kubahatisha. Mwaka 1987 Kenya nzima iliziona, Mahakama ya Rufani ilipoamua kwamba wakili S. M. Otieno azikwe Nyalgunga na ukoo wake wa Umira Kager, dhidi ya matakwa ya mjane wake, Wambui. Mhubiri anajua haya yote na bado anamwambia mjane: hata kama ni ya kale, hata kama ukoo mzima unaifuata, si lazima iwe sawa. Namuunga mkono kwa moyo wote. Ninachomwomba ni akumbuke maneno hayo dakika kumi baadaye anapoinua kitabu. Pale ufukweni, mnunuzi akiwa na mizani inayopunguza uzito anaponunua samaki na kuuongeza anapouza, wavuvi hawampi sifa ya ujuzi wa mizani, wanamkataa. Kipimo kinachokubaliwa kwa kitabu chetu na kukataliwa kwa jiwe la Kwitone na kwa tero si kipimo.

Atakayesema kwamba ninachanganya maandishi na mila, basi na tubaki kwenye maandishi. Sheria za Hammurabi zilichongwa kwenye jiwe refu jeusi huko Babeli yapata miaka 1750 kabla ya Kristo. Mfalme mwenyewe amechongwa juu yake akiwa mbele ya mungu Shamash. Jiwe lilichimbuliwa Susa mwaka 1901, na leo liko katika jumba la makumbusho la Louvre, Paris. Watu hulipiga picha, hakuna anayelitii. Mwaka 1872 msomi George Smith alitangaza London kwamba amesoma, kwenye vigae vya udongo vilivyotoka Ninawi, hadithi ya gharika: mtu mmoja anajenga chombo, anaingiza wanyama, anatuma ndege kutafuta nchi kavu. Ni sehemu ya utenzi wa Gilgamesh, ambao mizizi yake ni ya kale kuliko kitabu cha Mwanzo kama tulivyo nacho. Kama umri ndio unaotakasa, basi Gilgamesh anastahili kiti cha mbele na Mwanzo kikae nyuma yake. Hakuna Mkristo anayelikubali hilo, na hiyo maana yake ni kwamba moyoni hakuna anayeiamini hoja ya umri.

Mfano wa Henoko uko karibu zaidi na madhabahu. Kitabu cha Henoko, katika sehemu zake kongwe, kilitangulia maandiko yote ya Agano Jipya. Waraka wa Yuda unakinukuu kwa heshima. Vipande vyake vilipatikana katika mapango ya Qumran, na Kanisa la Tewahedo la Ethiopia linakihesabu ndani ya Biblia hadi leo. Umri kinao, ushawishi kinao, tena katika kanisa kongwe la Afrika. Lakini Biblia zinazosomwa Mbita, Sindo au Homa Bay hazina kitabu hicho. Na hata ndani ya mtaa mmoja wa Rusinga, Mkatoliki ana vitabu 73 na jirani yake Mprotestanti ana 66. Vile saba vilivyozidi si vichanga kwa umri. Vimesomwa kanisani kwa karne nyingi. Waliovitoa waliangalia jambo jingine, na waliovibakiza pia. Mabishano yao yalihusu asili na mafundisho ya vitabu hivyo. Ama wako sahihi ama wamekosea, walau walijua swali lenyewe ni lipi.

Sasa tuje kwenye ushawishi, maana wengi hukimbilia huko umri ukishindwa. Kwamba maandishi yanaweza kuyatawala maisha ya watu, sisi wa ziwani hatuhitaji kuambiwa. Tarehe 1 Julai 1890, huko Berlin, Waingereza na Wajerumani walitia sahihi makubaliano ya kugawana Afrika Mashariki, na mstari wa nyuzi 1 kusini mwa ikweta ukapitishwa katikati ya Ziwa Victoria. Hakuna mvuvi aliyeulizwa. Mwaka 1902 karatasi nyingine ilituhamisha kutoka himaya ya Uganda na kututia upande ambao leo ni Kenya. Mwaka 1926 amri iliyotolewa Uingereza ikaeleza mpaka wa Kenya na Uganda ndani ya maji, na amri hiyo ndiyo iliyofunguliwa tena wakati wa mzozo wa kisiwa cha Migingo. Mvuvi wa Muhuru Bay anayefuata sangara usiku, akakamatwa na askari wa nchi jirani na injini yake ikachukuliwa, ameguswa na karatasi hizo kuliko anavyoguswa na maandiko mengi ya kanisani. Zimetenganisha ndugu wa Muhuru na wa Shirati. Zimeamua wimbo wa taifa tunaoimba na shilingi tunayotumia. Zaidi ya miaka 130 zinatutawala. Ni nani anayezipigia magoti? Zina nguvu, na nguvu hiyo ilitoka kwenye meli za vita na bunduki. Ushawishi wa andiko unatuambia ni nani aliyekuwa na uwezo wa kulitekeleza. Hautuambii limetoka kwa nani.

Ushawishi wa Biblia yenyewe haukuenda upande mmoja. Sura ya 9 ya Mwanzo, laana inayohusishwa na ukoo wa Hamu, ilitumiwa kwa karne kadhaa kuhalalisha utumwa wa watu weusi. Katika karne zile zile, waliopigana kuufuta utumwa nao walisimama na Biblia mkononi. Kitabu kimoja, ushawishi mkubwa pande mbili, na mtumwa katikati. Anayehesabu ushawishi kuwa ushahidi wa utakatifu inambidi avihesabu vyote viwili. Akisema kwamba ushawishi mmoja ulitokana na kusoma vibaya na mwingine na kusoma vizuri, amenikubalia: tayari anatumia kipimo kingine, kipimo cha haki, kuamua ni ushawishi upi wa kuheshimiwa. Basi akitaje kipimo hicho wazi, aache kujificha nyuma ya ukubwa wa athari.

Kuna majibu matatu ambayo watu makini hunipa, na yanastahili kujibiwa kwa uzito.

La kwanza ni kwamba wakati ni mchujaji: vitabu vibaya hufa, vizuri hubaki. Ingekuwa kweli, mambo yangekuwa rahisi. Lakini maandiko hubaki kwa sababu yalipata wanakili, fedha za kuwalipa, na hali ya hewa isiyoozesha. Mchanga mkavu wa Misri umehifadhi risiti za kodi na barua za ugomvi wa kifamilia. Udongo uliochomwa wa Ninawi ulihifadhi orodha za ng'ombe sambamba na tenzi. Kwetu hapa, kwenye unyevu wa ziwa na mchwa, hekima ya wazee wa Kisuba ilikaa katika vinywa, na mzee alipokufa alizikwa nayo. Je, maneno yao yalikuwa na ukweli mdogo kwa sababu hawakuwa na ngozi ya kondoo ya kuandikia? Anayesema kudumu kwa maandishi ni muhuri wa Mungu anasema pia, apende asipende, kwamba Mungu hakuwa na la kusema na watu wasioandika. Mimi siwezi kulisema hilo juu ya bibi zetu. Na sidhani kitabu kinachoanza kwa Mungu kuzungumza, muda mrefu kabla ya mtu yeyote kuandika, kinaniruhusu kulisema.

La pili ni lile la Gamalieli katika Matendo ya Mitume, kwamba kazi ya wanadamu itavunjika na ya Mungu haitavunjika. Wahubiri hulipenda sana. Lakini Gamalieli alikuwa akiwashauri wazee wenzake waache kuwaua mitume. Alikuwa anaomba subira, hakuwa anatunga kanuni ya kupima vitabu. Ukiligeuza shauri lake kuwa kanuni, Kurani yenye miaka zaidi ya 1,300 nayo imethibitishwa, na Veda za Wahindi zilizotangulia mbali zimethibitishwa zaidi. Mkristo anayekataa matokeo hayo hana budi kuiacha kanuni. Na mitume wenyewe, siku ile Gamalieli aliposema, ujumbe wao ulikuwa haujatimiza hata kizazi kimoja.

La tatu ndilo lenye nguvu kuliko yote: tazama matunda, shule, zahanati, walevi walioacha pombe, ndoa zilizopona. Matunda hayo ni ya kweli na ninayashukuru. Lakini anayetaja matunda ameshaachana na umri na ukubwa. Tunda hupimwa kwa utamu wake, na tunda la mwaka huu linaweza kuwa bora kuliko la miaka 500 iliyopita. Kanisa la Legio Maria lilizaliwa miongoni mwa Waluo mwanzoni mwa miaka ya 1960 na lina kitovu chake Got Kwer, Migori. Kwa hoja ya umri, makanisa makongwe hulidharau kama kanisa la juzi. Kwa hoja ya matunda, itabidi waende Got Kwer wakaangalie. Nani yuko tayari?

Lakini shahidi wangu mkuu dhidi ya hoja hii ni Biblia yenyewe. Soma sura ya 36 ya Yeremia. Mfalme Yehoyakimu ameketi katika nyumba yake ya majira ya baridi, makaa yanawaka mbele yake. Yehudi anamsomea gombo ambalo Baruku ameliandika kwa kinywa cha Yeremia. Kila safu tatu au nne zikisomwa, mfalme anazikata kwa kisu cha mwandishi na kuzitupa motoni, mpaka gombo lote linateketea. Gombo lile halikuwa na mvi. Halikuwa na ushawishi wowote kwa mfalme. Maandiko yanasema yeye na watumishi wake hawakuogopa wala kurarua mavazi. Lilikuwa karatasi changa ya nabii aliyezuiwa kuingia hekaluni. Wayahudi na Wakristo wote wanaamini kwamba pale motoni liliteketea neno la Mungu. Kama umri na ushawishi ndivyo vinavyotakasa, Yehoyakimu hakuchoma kitu cha maana, na sura nzima haina sababu ya kuwapo.

Soma tena 2 Wafalme, sura ya 18. Nyoka wa shaba aliyetengenezwa na Musa mwenyewe, kwa agizo la Mungu, amekaa karne nyingi na watu wanamfukizia uvumba. Umri alikuwa nao, na ushawishi alikuwa nao. Hezekia akamvunja vipande vipande, na anasifiwa kwa kufanya hivyo. Kisha sura ya 22: kitabu cha kale kinapatikana hekaluni wakati wa Yosia. Mfalme hakuuliza kina miaka mingapi. Alisikiliza kilichosemwa, akararua mavazi yake, akatuma watu wamwulize Bwana juu ya maneno hayo, nao wakaenda kwa Hulda, nabii mwanamke aliyekuwa hai wakati huo. Kitabu kikongwe kililetwa mbele ya mwanamke aliye hai ili kipimwe. Katika makanisa yetu, ambamo wanawake ndio wanaojaza viti na wazee ndio wanaoshika kipaza sauti, sura hiyo ingefaa kusomwa mara nyingi zaidi.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu madhara yake nayaona. Vijana wa Rusinga wanakwenda vyuo vikuu Maseno, Nairobi na Kisii wakiwa na hoja moja tu waliyopewa nyumbani: kitabu chetu ni kikongwe na kimeitawala dunia. Jioni moja wanasoma habari za Gilgamesh kwenye simu, wanagundua kuna kitabu kikongwe zaidi, na imani yote inaporomoka. Hawakuwa wamefundishwa kitabu kinasema nini. Walifundishwa kina miaka mingapi. Wengine hubaki kanisani lakini hugeuza ukongwe kuwa sanamu. Wapo wanaodhani tafsiri ya Kiswahili ya 1952 ina utakatifu ambao tafsiri mpya haina, kwa sababu tu lugha yake inasikika kama ya zamani. Je, Agano Jipya la Olusuba, lililochapishwa karne hii kwa lugha ya Wasuba ambayo UNESCO inaihesabu miongoni mwa zilizo hatarini kutoweka, lina utakatifu mdogo kwa kuwa wino wake ni mpya? Mama wa Mfangano anayesikia mara ya kwanza habari za Msamaria mwema kwa lugha ya bibi yake, je, anasikia neno lililopungua?

Kitabu cha kale kinastahili heshima, kama kaburi la mwanasiasa Tom Mboya pale Kamasengre linavyostahili: tunanyamaza mbele yake, tunawapeleka watoto wakalione. Kitabu chenye ushawishi kinastahili uangalifu, kwa sababu kinaweza kujenga na kinaweza kuua. Lakini utakatifu ni dai kubwa kuliko hayo yote. Unasema kwamba Mungu amezungumza hapa na kwamba ninapaswa kutii. Dai hilo linathibitishwa au kukanushwa na yanayosemwa: kama yanamtendea haki mjane na yatima, kama yanamfichua mwongo hata akiwa mchungaji, kama yanaweza kuhojiwa na mtu mwenye dhamiri safi bila kukimbia. Waberoya, katika Matendo sura ya 17, walisifiwa kwa kuchunguza kila siku kama walichohubiriwa na Paulo ni kweli. Hawakulaumiwa kwa uhaba wa imani.

Ndugu zangu wahubiri, fungueni kitabu mkisome, mseme kwa nini mnaamini kwamba ndani yake Mungu anazungumza, na mkubali kuulizwa. Waulizeni wazee wa Kisuba waliobaki walichorithi, mkiandike, mkipime kwa kipimo hicho hicho, mkubali kilicho kweli na mkatae kilicho uongo. Kama neno ni la Mungu, lilikuwa la Mungu siku lilipotamkwa mara ya kwanza mbele ya watu watatu wasiokuwa na jina. Kama si lake, miaka elfu kumi na mabilioni ya nakala hayatalifanya liwe lake.